109 imelala gereji: spea mpya, ya mtumba, ya kuchongesha, au injini ya gari jingine?

"Haipatikani tena." Fundi akishatamka hivyo huku anafuta mikono kwa tambara, mwenye Land Rover ya zamani huona gari limekwisha. Nimelisikia neno hilo mara nyingi juu ya 109 yangu, Series III ya petroli (109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma; ile fupi ni 88), na karibu kila mara maana yake ilikuwa nyingine: haipatikani mtaa huu, leo, kwa bei aliyokuwa nayo fundi kichwani. Land Rover za Series ni miongoni mwa magari machache ya umri wake ambayo spea zake nyingi za mitambo zinatengenezwa hadi sasa. Kinachomkwamisha mtu ni kuchagua njia, maana njia ziko nne na kila moja ina watu wanaoiapia.

Njia zenyewe ni kuagiza spea mpya, kutafuta ya mtumba au kununua gari bovu la kuchinja, kukarabati au kuchongesha ileile iliyochakaa, na kufunga kifaa cha gari jingine, hasa injini. Nimezipita zote nne kwenye gari hilohilo moja. Nilipoumia ni pale nilipotaka njia moja inimalizie kila kitu. Kwa hiyo nalinganisha kwa jicho la spea moja moja. Gari zima litajipanga lenyewe baadaye.

Kwanza ijue uliyo nayo

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series II ilitoka 1958, IIA 1961, na Series III ikaanza 1971 mpaka 1985. Kwa macho, 109 ya 1968 na ya 1978 zinafanana kiasi cha mtu kudhani spea zake ni zilezile. Sivyo. Krenkishafti ya injini ya lita 2.25 ilikaa kwenye beringi kuu 3 mpaka 1980, ndipo zikawa 5, na hizo mbili haziazimani. Klachi ya Series III ni ya inchi 9.5, ilhali nyingi zilizotangulia zilikuwa na ya inchi 9. Giaboksi ya Series III ina sinkro (kinachofanya gia iingie bila kusaga) kwenye gia zote nne za mbele, ya IIA kwenye ya tatu na ya nne tu. Breki za 88 kwa kawaida ni ngoma za inchi 10, za 109 ni inchi 11, na kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, siyo moja.

Ekseli ya nyuma nayo ina ndugu wawili. Ukilala chini ya gari ukaona tumbo kubwa la chuma cha kusubu lenye kifuniko cha bolti upande wa nyuma, hiyo ni Salisbury, iliyokuja na 109 za Series III. Ukiona tumbo la mviringo ambalo difu yake hutolewa kwa mbele, hiyo ni ya Rover. Hafushafti ya moja, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka difu hadi gurudumu, haiingii kwenye nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo kitabu cha kiwanda hakiwezi kukuambia: gari lako limepita mikononi mwa mafundi kwa miaka hamsini. Inawezekana kabisa kadi inasema IIA, giaboksi ni ya Series III, na ekseli ilitoka kwenye gari la misheni lililopinduka zamani. Kabla ya kutoa shilingi, soma namba mbili. Ya chesisi imegongwa kwenye chesisi yenyewe mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Ya injini imo kwenye bloku, mbele upande wa kushoto, na karibu nayo utaona 7 au 8, ambayo ni uwiano wa mgandamizo wa silinda. Herufi inayofuata namba ni sehemu ya namba. Usiiache, kwa sababu mabadiliko mengi ya kiwandani yalihesabiwa kwa herufi hiyo.

Tazama na bolti pia. Gari hizi zina nyuzi za Kiingereza za aina zaidi ya moja, BSF kwenye za zamani na UNF kwenye za baadaye, na nyingine zina zote mbili. Bolti ya milimita ikilazimishwa mle huingia, hukaza, kisha hung'oka na nyuzi zake siku mbaya.

Vigezo

Nina vigezo vitano, na nitavirudia kwa kila njia. Je, spea itakaa mahali pake bila kulazimishwa? Itadumu? Gharama yake ni ipi, nikihesabu kila shilingi mpaka gari liwake: nauli, ushuru, mkono wa fundi, na kurudia kazi ikibidi? Gari litakaa juu ya mawe muda gani? Na nikijuta, naweza kulirudisha lilivyokuwa?

Njia ya kwanza: kuagiza spea mpya

Hapa kuna ngazi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya juu ni spea zenye nembo ya Land Rover yenyewe. Ya pili ni za viwanda vilivyokuwa vikiiuzia Land Rover tangu zamani, kama Timken kwenye beringi. Ya tatu ni za wauzaji wa Uingereza wanaokusanya kutoka viwanda mbalimbali na kuuza kwa maboksi yao, kama Britpart, Bearmach na Allmakes. Maduka ya Kirinyaga Road pale Nairobi, na ya Dar es Salaam na Arusha, huwa na vitu vinavyotoka haraka: gasketi, filta, pointi, silinda za breki.

Kukaa mahali pake. Ukiwa na namba ya spea, hakuna njia yenye uhakika kuliko hii. Namba za zamani za Land Rover ni tarakimu 6 tupu. Za baadaye huanza na herufi kama RTC au FRC. Usimwandikie muuzaji "sili ya gurudumu la mbele la 109". Mpe namba kutoka kwenye kitabu cha vipuri, na kama unayo ile iliyotoka, ipime kwa venia (kipimo cha taya) umpe na vipimo.

Kudumu. Inategemea ngazi na aina ya kitu. Chuma cha kawaida, kama pini, mabano na bolti, hata cha ngazi ya tatu hufanya kazi. Mpira na beringi ndipo penye mtihani. Niliwahi kununua seti ya sili za magurudumu kwa sababu ya bei, na kabla masika hayajaisha oili ya difu ilikuwa inalowanisha breki za nyuma. Kazi ikarudiwa yote, na breki shuu zikatupwa kwa sababu zilishanyonya oili. Tangu hapo, kitu chochote ambacho kukifikia kunahitaji kufungua nusu ya gari nakinunua cha ngazi ya pili au ya kwanza. Kinachofikika kwa dakika kumi, kama filta au kifuniko cha distributa, naridhika na cha kawaida na naweka cha akiba kwenye boksi la vifaa.

Gharama. Bei unayoiona siyo unayolipa. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, na VAT, ambayo Tanzania ni asilimia 18 na Kenya 16. Vitu vyepesi huvumilika. Chesisi mpya iliyochovywa zinki ni habari nyingine kabisa, maana usafiri wake peke yake ni mzigo. Ndugu aliye Uingereza anayekuja likizo anaweza kubeba sili, gasketi na silinda za breki za gari zima kwenye kona ya begi, na wengi wetu gari zetu zimeishi hivyo. Ila aziweke na risiti, na akiulizwa forodhani aseme alichobeba.

Muda. Wiki kadhaa, na lawama nyingi zinazotupwa kwa wasafirishaji ni zetu wenyewe, kwa sababu tunaagiza kimoja kimoja. Ukifungua ekseli, orodhesha sili, beringi, gasketi na pini zote za eneo hilo, uagize mara moja.

Kurudi nyuma. Hapana shida, gari linabaki lilivyotoka kiwandani.

Inamfaa nani. Mwenye subira, mwenye namba sahihi, na mwenye kazi ya breki, sili au usukani.

Njia ya pili: mtumba na gari la kuchinja

Serikali, misheni, mashamba ya mkonge na kahawa, idara za wanyamapori: wote walizitumia gari hizi, na Kenya zikawa zinaunganishwa Thika na Leyland. Kwa hiyo chuma kipo. Kipo nyuma ya gereji za Unga Limited pale Arusha, kwenye yadi za mashamba, kwenye minada ya mali chakavu, na Maralal huko Samburu ambako Land Rover za zamani zimezoeleka kubeba abiria na mizigo. Waliofika kwenye tamasha la Land Rover la Arusha Oktoba 2024 waliona mamia ya gari hizi mahali pamoja, na nina hakika zilibadilishana mikono spea nyingi kuliko picha zilizopigwa.

Kukaa mahali pake. Vizuri mno, ikiwa imetoka kwenye gari la aina yako. Ganda la giaboksi la kiwandani, boksi la usukani, mlango, nyumba ya ekseli: hivi vilitengenezwa kwa kipimo ambacho nakala nyingi za leo hazifikii. Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini iitwayo Birmabright, kwa hiyo haioti kutu kama bati la chuma. Lakini tazama pale alumini inapogusana na fremu ya chuma, hasa kwa gari lililoishi Tanga, Mombasa au Dar. Chumvi ya bahari huifanya alumini ivimbe na kugeuka unga mweupe, na ndani yake fremu ya mlango imeshaliwa.

Kudumu. Unarithi maisha ya mtu mwingine, basi jifunze kuyasoma. Hafushafti ishike kwenye mwanga utazame meno yake: yakiwa yamejipinda hata kidogo, imeshaanza kukatika, na hafushafti za ekseli ya Rover zinajulikana kwa kukatika. Giaboksi, shika shafti inayotoka uitikise. Ikicheza juu na chini, beringi zimekwisha. Bloku na silinda hedi visifungwe mpaka karakana ivipime ufa kwa maji ya shinikizo. Silinda za breki, mabomba ya mpira, sili na vichwa vya mikono ya usukani sivichukui mtumba hata nikipewa bure.

Gharama. Spea moja moja ni rahisi, lakini hairudishwi. Gari zima la kuchinja lina hesabu yake: bei, kulivuta, mahali pa kuliweka, na siku za kulifungua. Kwa upande wa faida, unapata kila kitu kilivyofungwa, pamoja na vile vidude vidogo visivyouzwa popote, mabano, vishikio, springi za pedali, vifuniko vya madirisha ya hewa chini ya kioo. Gari la namna hiyo pia ni kitabu: ukisahau waya ulipita wapi, unakwenda kutazama. Kabla ya kulipa dai kadi, linganisha namba ya chesisi na kadi, na andikianeni mauziano. Chuma kisicho na kadi kinaweza kukupeleka kituoni.

Muda. Siku moja au mwaka. Hakuna anayeweza kukuahidi.

Kurudi nyuma. Kamili, ukiweka alama kila unachobadilisha.

Inamfaa nani. Mwenye nafasi nyumbani, mwenye gari lenye upungufu wa vitu vingi kwa pamoja, na anayetaka chuma cha asili. Haimfai mwenye gari la kazi linalosubiriwa Jumatatu.

Njia ya tatu: kukarabati na kuchongesha

Hii ndiyo nguvu yetu, na naona mara nyingi tunaipita tukikimbilia boksi lililofungwa kwa nailoni. Injini ya 2.25 ilibuniwa wakati ambapo kukarabati lilikuwa jambo la kawaida. Krenkishafti yake husagwa kwa hatua za 10, 20, 30 na 40, yaani sehemu za elfu za inchi, na beringi za kila hatua zinauzwa. Silinda hutanuliwa na pistoni kubwa kidogo hufungwa. Zikiisha nafasi, bloku huwekwa silivu (kuta mpya za silinda) na kuanza upya. Cheni ya taimingi ni cheni kweli, siyo mkanda, na hutoa sauti kabla ya kukuangusha.

Sisitizo moja lililoniokoa pesa: usitanue silinda kabla pistoni hazijafika mkononi. Karakana inafuata pistoni, siyo pistoni kufuata karakana. Nimeona bloku nzuri iliyotanuliwa kwa 40 na mwenyewe akazunguka miezi akitafuta pistoni za kipimo hicho, wakati za 20 zilikuwa dukani na zingetosha.

Silinda hedi ina habari yake. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, kufuatia makubaliano ya Dakar ya 2001. Ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Hedi ya zamani inayofanya kazi nzito kwa petroli ya sasa inaweza kuanza kula viti vya valvu za ekzosti, na utajua kwa sababu nafasi ya valvu inazidi kupungua kila unapoipima. Karakana ya silinda hedi inaweza kuchonga na kuweka viti vigumu. Kama hedi imeshafunguliwa kwa sababu nyingine, ifanye kazi hiyo palepale.

Vitu vingine vinavyokarabatika vizuri hapa kwetu: rejeta kubadilishwa kiini, springi kukunjwa upya na kuongezwa jani, mradi fundi akumbuke kwamba springi ya upande wa dereva ilitoka kiwandani imeinuka zaidi ya ile ya abiria, stata na dinamo kufungwa waya upya, bushi kukerezwa kwa shaba. Kabureta ya Zenith ina ugonjwa maarufu wa kifuniko chake kupinda, petroli ikapita isipotakiwa, na injini ikaunguruma vibaya ikiwa imesimama. Watu hununua kabureta mpya ya Weber. Mara nyingi dawa ni kioo kilichonyooka, msasa laini wa maji, na nusu saa ya kusugua uso wa kifuniko mpaka ukae sawa.

Kukaa mahali pake. Kunategemea mkono wa mkerezaji na kipimo ulichompa. Mpelekee ile iliyochakaa pamoja na ile inayokutana nayo. Bushi peke yake bila pini yake ni kubahatisha.

Kudumu. Kazi ya vipimo, kama kusaga krenki, hudumu kama mpya. Kuchonga kitu kipya kutoka kwenye chuma cha mtaani ni jambo jingine. Hafushafti ya kiwandani ilipikwa kwa moto ili iwe ngumu nje na mvumilivu ndani. Ya kuchongwa kwa chuma kisichojulikana itafanana nayo mezani na kujipinda kwenye kilima cha kwanza chenye mzigo. Sichongeshi hafushafti, mikono ya usukani, wala chochote cha breki. Fundi mmoja aliponiambia, "Bosi, hii tunaichomelea tu, itakaa," alikuwa anazungumzia mkono wa usukani. Nilimshukuru nikabeba mkono wangu.

Chesisi inastahili neno la peke yake. Huoza kwanza kwenye mabawa yanayobeba bodi na kwenye mhimili wa nyuma kabisa. Kuchomelea ni halali na kunadumu, ikiwa fundi anakata mpaka chuma kizima na kuweka bamba la unene uleule. Akipachika kiraka juu ya kutu, maji yanabaki katikati na utarudi. Kabla ya kukata, gari lifungwe viungo vya kulishika, au milango haitafunga tena.

Gharama na muda. Kwa kawaida nafuu kuliko kuagiza, na siku chache ukipata karakana isiyojaa. Tanzania karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na mafundi waliopita vyuo vya ufundi vya VETA, au waliokulia jua kali Kenya, wana mashine za kutosha kwa kazi nyingi za gari hizi.

Kurudi nyuma. Chuma kilichokatwa hakirudi, ila gari linabaki na sehemu zake lenyewe.

Inamfaa nani. Aliye karibu na karakana nzuri na anayekubali kukaa pale na kupima pamoja na fundi.

Njia ya nne: kifaa cha gari jingine

Wengi hapa wanafikiria injini ya dizeli. Sababu inaeleweka: 2.25 ya petroli inakunywa. Wapo waliofunga Isuzu 4JB1, Nissan TD27, au 2L na 3L za Toyota, kwa sababu spea zake zinauzwa kila mji. Wapo waliofunga 200Tdi ya Land Rover, iliyoanza kwenye Discovery mwaka 1989, nayo ina sifa kubwa: inafungika kwenye giaboksi ya Series bila sahani ya kuunganishia.

Kukaa mahali pake. Ukiacha 200Tdi, kila kitu ni kutengeneza: sahani ya kuunganisha na giaboksi, miguu ya injini, ekzosti, njia ya hewa, rejeta. Sahani ikikosea katikati hata kidogo, klachi na beringi ya mbele ya giaboksi vitalia mpaka vife. Kama una sevo ya breki (kile kinacholainisha pedali) inayotegemea mvuto wa hewa wa injini ya petroli, kumbuka dizeli haina mvuto huo mpaka iwe na pampu yake. Nimeona gari lililobadilishwa injini vizuri kabisa, na breki ikawa ngumu kama jiwe kwa sababu hiyo tu.

Kudumu. Injini yenyewe inaweza kukuzidi umri. Tatizo huhamia nyuma. Giaboksi na hafushafti zilizoundwa kwa nguvu ya 2.25 sasa zinavutwa na kitu kizito zaidi. Difu ya Series ni ya uwiano wa 4.7, na dizeli isiyopenda mizunguko mingi itapiga kelele ukiwa kwenye lami kwa mwendo ambao lori linakupita. Wengine hubadilisha na difu za 3.54 za Range Rover, na hapo umeshaingia mradi wa pili.

Gharama. Kubwa mwanzoni, na ile iliyotajwa na fundi siku ya kwanza mara nyingi ni ya injini peke yake. Mwenye kusafiri kilomita nyingi kila wiki huirudisha kwenye mafuta. Mwenye kutoka Jumapili hairudishi. Weka pia gharama ya karatasi: kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta, lazima irekebishwe, la sivyo bima na ukaguzi vitakusumbua.

Muda. Zidisha mara mbili makadirio ya fundi.

Kurudi nyuma. Inawezekana kama hukukata chesisi na kama umetunza injini ya asili kavu, imefunikwa, imejazwa oili. Waliouza injini ya zamani kwa skrepa ndio wanaoitafuta leo.

Kuna mabadiliko madogo ya njia hii ambayo nayapenda bila wasiwasi, kwa sababu yanatoka kwa saa moja: alteneta badala ya dinamo, au kiwashio cha kielektroniki badala ya pointi. Ila Land Rover nyingi za mwanzo zilikuwa na betri iliyofungwa chanya kwenye bodi. Hakikisha upande kabla ya kuunganisha alteneta, maana itaungua sekunde ileile.

Inamfaa nani. Mwenye gari la kazi la kila siku, mbali na mji, ambaye injini yake ya asili imepasuka bloku au imekwisha kabisa.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama gari linabeba watu au maziwa kila alfajiri, usingoje boksi la Uingereza kwa kila jambo. Karabati hapa, weka mtumba uliopimwa kwenye giaboksi na ekseli, na ununue mpya vitu vya breki na usukani peke yake. Injini ikifa kabisa, dizeli ina hoja kwako.

Kama gari ni la mzee wako na unataka lisimame kama alivyolinunua, anza na gari la kuchinja la mwaka unaokaribiana, karabati injini yake lenyewe, kisha agiza vya mpira na sili za ngazi ya juu. Haraka haina kazi hapa. Tengeneza breki na chesisi kwanza, rangi mwisho.

Kama unabeba watalii, usitegemee mtumba kwenye kitu chochote kinachozunguka au kinachosimamisha gari. Agiza mapema nje ya msimu, na weka akiba ya hafushafti, silinda za breki, pampu ya maji na kifuniko cha distributa.

Kama fedha ni kidogo na unataka kuanza tu, usifungue injini kwa sababu inatoa moshi kidogo. Silinda za breki, mabomba, matairi, kisha chesisi. Injini ya 2.25 iliyochoka itakuvumilia miaka huku ukijipanga.

Kama bado hujanunua na unatazama gari mbili, moja lenye injini mbovu na chesisi nzima, jingine linawaka vizuri lakini mhimili wa nyuma unabomoka kwa bisibisi, mimi ningechukua la kwanza. Injini hiyo naweza kuipeleka karakana juu ya pikapu. Lakini kama huna mahali pa kuegesha gari lisilotembea na unahitaji usafiri mwezi huu, la pili litakufaa zaidi, mradi fundi wa kuchomelea aonyeshwe chesisi kabla hujalipa, na bei yake ya kazi itolewe kwenye bei ya gari.

Na mwenye Land Cruiser ya 40 asione ameachwa: tangu 2021 Toyota imetangaza kurudisha baadhi ya spea za gari hizo chini ya GR Heritage Parts. Kwake ngazi ya kwanza ya kuagiza imekuwa pana zaidi, na mengine yote hapo juu anaweza kuyapima kwa vigezo vilevile vitano.